Hewa safi haina marejesho: halmashauri zitenge ruzuku ya mitaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji. Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake wazoa taka katika mtaa mmoja wa bonde la Mto Msimbazi, hapa Dar es Salaam. Mtaa wenyewe siutaji, maana nikiutaja nitaitwa ofisini kuulizwa nimemsema nani, na mimi sina ugomvi na mtu. Nina ugomvi na namna fedha ya umma inavyotolewa.

Watu wakizungumzia hewa chafu ya jiji hutazama barabarani: daladala zinazofuka, malori ya mchanga, semi zinazosubiri zamu ya bandari. Hayo yapo, sikatai. Lakini aliyelala kwetu anajua kwamba saa kumi na mbili asubuhi, daladala hazijachanganya bado, mtaa umeshajaa moshi. Mama kafagia uwanja, kakusanya majani ya mwembe, mifuko, chupa za maji na pampasi za mtoto, kawasha kiberiti. Kwake yeye huo ndio usafi, na alifundishwa hivyo na mama yake enzi ambazo takataka zilikuwa maganda na majani. Jirani naye anawasha. Muda huohuo muuza chapati anapepea mkaa, wa supu ameshatia kuni, na kule chini kuna anayekaanga samaki. Alfajiri upepo umelala, kwa hiyo moshi haupandi. Unatambaa kati ya nyumba na kuingia madirishani ambako watoto wanavaa sare. Harufu ya pampasi inayoungua haifanani na kitu kingine, na ukisikia mtu anasema ameizoea, msikilize anavyokohoa.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikaza viwango vyake: zile chembe ndogo kabisa zinazopenya hadi ndani ya mapafu, ambazo wataalamu huziita PM2.5, zisizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa mwaka. Zamani kikomo kilikuwa 10. Sisi Tanzania tuna kanuni zetu za viwango vya ubora wa hewa tangu mwaka 2007. Nimeishi bondeni tangu sijaolewa na sijawahi kuona kifaa chochote cha kupima hewa kikiwekwa mtaani kwetu, wala mtu aliyekuja kuuliza.

Na wala si jambo geni hapa mjini. Vijana wengi hawajui kwamba wakazi wa Tabata waliwahi kuishitaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya moshi. Dampo la jiji lilikuwa pale, taka zikichomwa usiku na mchana, na mwaka 1988 Joseph Kessy na wenzake wakaenda Mahakama Kuu. Walishinda. Mahakama iliamuru Jiji liache kumwaga taka Tabata. Jiji likaomba muda, likapewa, likaomba tena, na mwaka 1991 Jaji Lugakingira akasema basi. Alieleza kuwa kuwachomea watu taka mlangoni ni kuhatarisha uhai wao, na uhai unalindwa na ibara ya 14 ya Katiba. Alishangaa kwamba mamlaka ya umma inaweza kusimama mahakamani bila haya na kuomba ruhusa ya kuendelea kuchafua mazingira. Mimi nilisimuliwa kesi hiyo na mzee mmoja wa Tabata, na mpaka leo naona ingefaa kusomwa kwenye kila mkutano wa mtaa.

Baada ya Tabata, dampo likaenda Vingunguti, kisha Mtoni, na sasa liko Pugu Kinyamwezi. Kila lilipohama, gharama ya kulifikia ilipanda. Gari la taka linalotoka bondeni mpaka Pugu linakunywa mafuta, linakaa foleni, linaharibika njiani, na mwenye gari anataka hela yake irudi. Anayetaka hela yake irudi hawezi kuteremka kwenye uchochoro ambao hata mkokoteni unapita kwa kuombana radhi na kamba za nguo. Ndipo taka za uchochoroni zilipobaki uchochoroni. Kiangazi tunazichoma, masika watu wanasubiri mto ujae wazitupe, halafu tunazikuta Jangwani kwenye taarifa ya habari. Moshi wa dampo moja ulikuwa na mshitakiwa. Moshi wa viwanja elfu moja nitamshitaki nani?

Sasa nije kwenye fedha.

Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni fedha nzuri. Nimeona wenzangu wameinuka kwa fedha hizo, mashine za kushonea zimenunuliwa, kuku wamefugwa. Na sisi tulipotaka kuanza kuzoa taka tulishauriwa tupite hapohapo. Tukasajili kikundi, tukaandika katiba, tukafungua akaunti, tukaandika andiko la mradi. Kwenye andiko kuna sehemu inauliza faida. Mwenzetu mmoja, mjane anayeuza mihogo, akasema andikeni watoto wataacha kukohoa. Tukacheka, lakini ofisini hatukuandika hivyo. Tuliandika mapato: kaya kadhaa, kila kiroba shilingi 500, maduka na baa walipe kwa mwezi. Hesabu ilipendeza, mkopo ukatoka, tukanunua maguta.

Mwanzoni tulizoa kote, juu na chini. Juu ni barabarani, kwenye fremu za maduka, baa, gesti na nyumba za ukuta. Huko wanalipa. Chini ni wapangaji, chumba kimoja kimoja, nyumba moja ina milango minane na mwenye nyumba anaishi Mbagala. Mia tano anayo leo, kesho hana, na kwa kuwa hana anachoma. Hakuna ubaya wa moyo hapo. Kati ya mia tano ya taka na mia tano ya dagaa hata mimi najua ningechagua ipi.

Kisha marejesho yakaanza. Marejesho yana tarehe, Ndugu Mhariri, hayajui kuwa wapangaji wa chini wamekwama. Kila mwezi tulipokaa kuhesabu, mweka hazina alionyesha kitu kilekile: juu panaleta, chini panakula. Guta moja likiteremka linatumia asubuhi nzima na kurudi na viroba ambavyo nusu yake hatujalipiwa. Hatukupitisha azimio lolote la kuwaacha. Tulianza kwenda chini mara chache, halafu siku za kubahatisha, halafu tukawa tunasubiri watupigie simu. Mkopo tukaumaliza kwa wakati. Tulipewa cheti cha kikundi bora cha urejeshaji, tukapigwa picha. Asubuhi ya siku ile nilipita chini kuelekea ukumbini na mtandio puani.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Hakuna aliyeiba. Ofisa maendeleo ya jamii alifanya kazi yake, sisi tulifanya yetu, utaratibu ulifuatwa hatua kwa hatua, na utaratibu huohuo ukatutoa mahali penye moshi ukatupeleka mahali penye hela. Mkopo, hata usio na riba, unamfuata anayeweza kulipa. Moshi unakaa kwa asiyeweza.

Kuna mambo ya hewa ambayo mkopo unayafaa kabisa. Mtazame dereva wa bajaji. Hakuhubiriwa na mtu. Aliona gesi asilia inamgharimu kidogo kuliko petroli, akafunga mtungi, na sasa anapanga foleni ndefu kwenye kituo cha gesi bila kulalamika sana. Akipewa mkopo wa kufunga mfumo atalipa kutokana na kile anachookoa kwenye mafuta. Huyo apewe mkopo. Baba lishe wa chipsi anayetaka kutoka kwenye mkaa naye anaweza, akisimamiwa. Lakini kuzoa taka za mpangaji asiye na kitu, kumwagia kifusi kile kipande cha njia kinachotimua vumbi mbele ya shule, kupanda miti kando ya kiwanja cha mpira, kuweka kizimba cha taka chenye paa ili asubuhi mtu asichome: onyesha hapo marejesho yatatoka wapi. Anayefaidika ni kila anayevuta pumzi, na anayevuta pumzi hakatiwi risiti.

Nilipolisema hili kwenye mkutano wa mtaa, kiongozi mmoja aliniuliza, kwa upole, moshi nao ni mradi? Watu wakacheka. Nikamwambia barabara ya lami aliyoipigia makofi pamoja nasi, ile ya DMDP, mradi wa kuboresha miundombinu ya Dar es Salaam, ilimpunguzia mke wake kupiga deki mara mbili kwa siku. Vumbi limeondoka kwa fedha ya umma na hakuna kaya iliyodaiwa rejesho. Hakunijibu, ila alitabasamu.

Na serikali imeshakubali kwamba moshi unastahili ruzuku. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Tukaambiwa kuwa zaidi ya watu 33,000 nchini hufa kila mwaka kwa maradhi yanayohusishwa na moshi wa jikoni. Kupitia REA, yaani Wakala wa Nishati Vijijini, mitungi ya gesi ya kilo 6 imeuzwa kwa punguzo la nusu ya bei. Safi sana. Hakuna aliyemwambia mama wa kijijini kwanza aandike andiko la faida ndipo apunguziwe mtungi. Sasa mama huyohuyo akihamia bondeni, jikoni ana mtungi wa ruzuku, na mlangoni anavuta moshi wa pampasi za jirani. Hewa ya ndani imepata fungu, ya nje imeambiwa ijikopeshe.

(Kuhusu mtungi nina neno dogo pembeni. Kuununua si tatizo kubwa, tatizo ni kuujaza. Mama lishe wengi ninaowajua wanachemshia chai kwa gesi na maharage bado wanayaweka kwenye mkaa, kwa sababu maharage yanamaliza mtungi. Anayepanga ruzuku awaulize wapishi wa maharage.)

Ninachoomba madiwani wetu wakifikirie ni hiki: nje ya ile asilimia 10 ya mikopo, halmashauri itenge fungu dogo katika mapato yake ya ndani liwe ruzuku ya miradi ya mitaa ya kupunguza moshi na vumbi. Sisemi kiasi gani, hiyo ni kazi ya wenye vitabu. Kaunti ya Makueni kule Kenya ilitunga kanuni mwaka 2015 za kutenga asilimia 1 ya bajeti yake ya maendeleo kwa mfuko wa mabadiliko ya tabianchi, na kamati za kata zikapewa nguvu ya kusema mradi upi uje kwao. Wao shida yao ilikuwa maji, wakachagua maji. Yetu ni moshi.

Wala hatuhitaji kwenda Makueni kujifunza. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ilipoanza mwaka 2000, wananchi waliibua miradi wenyewe: madarasa, zahanati, visima. Fedha ikaletwa, wananchi wakachangia nguvu, kamati ikachaguliwa mkutanoni. Baadaye kaya maskini zikawa zinalipwa ujira kwa ajira za muda za kuchimba mitaro na kupanda miti. Kama mtu anaweza kulipwa kuchimba mtaro, anaweza kulipwa kuzoa kiroba cha uchochoroni kabla hakijapigwa kiberiti. Vijana wa kufanya kazi hiyo wamejaa vijiweni, na njia wanazijua hata gizani.

Najua watakachosema: ruzuku italiwa. Wanao msingi. Fedha za asilimia 10 zenyewe zilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuonyesha mikopo isiyorejeshwa na vikundi visivyoonekana, na zikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Lakini tazameni, ile ilikuwa mikopo, ina mikataba na tarehe, na bado ililiwa. Kuita fedha mkopo hakukuzuia mtu. Kikundi hewa huwa kinafaulu kwa sababu jirani zake hawajui kuwa kimepewa kitu. Ruzuku ya uchochoro haifichiki hivyo. Iandikwe kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa: kikundi fulani, vichochoro fulani, siku fulani za wiki, shilingi kadhaa. Isitolewe yote kwa mpigo. Kila mwisho wa mwezi mjumbe wa shina na wakazi wachache wa uchochoro husika, wanaobadilishwa kila mara, watie sahihi kwamba taka zimezolewa. Wasipotia, hela isitoke. Mimi nimezoa taka, najua wanawake wa chini hawatii sahihi kumfurahisha mtu.

Na vipimo viwepo. Zamani tungeambiwa mashine ni za mamilioni, ziko Ulaya. Sasa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kupitia mradi wao wa AirQo, kinaunda vifaa vya kupima hewa vya bei nafuu vinavyostahimili vumbi na joto la kwetu, na vimefungwa mpaka kwenye bodaboda. Kimoja kikifungwa kwenye ukuta wa zahanati na kingine kwenye shule ya msingi, tutajua kabla na baada. Vijana wetu wa chuo hapa Dar hawashindwi kusoma namba hizo na kuja kutusomea mkutanoni kwa Kiswahili cha kawaida.

Faini nazo? Zimeandikwa kwenye sheria ndogo na mgambo wanazijua vizuri, hasa mwisho wa mwezi. Mimi sizipingi kwa mwenye gereji anayechoma matairi. Ila kumtoza faini mpangaji anayechoma kiroba ambacho hakuna mtu amekuja kukichukua tangu wiki iliyopita ni kumwadhibu kwa kosa la mwingine. Kwanza huduma ipite mlangoni kwake, ndipo faini imfuate.

Jambo la mwisho ni la wenzangu wa vikundi vya taka, maana tupo wengi kuanzia Manzese mpaka Buguruni. Tukiitwa kwenye semina tunapenda kusema tunahitaji vitendea kazi: glovu, gambuti, guta, gari. Vitendea kazi tunavihitaji kweli. Lakini guta jipya chini ya hesabu ileile litapandisha mlima uleule kwenda kwenye baa. Tuombe tulipwe kwa kazi ya chini, mwezi kwa mwezi, kama mkandarasi wa barabara anavyolipwa kwa mita alizojenga. Nasi tukubali kukaguliwa kama yeye, au zaidi yake.

Halmashauri huanza kupokea vipaumbele vya mitaa mapema, miezi mingi kabla ya Julai ambapo mwaka mpya wa fedha unaanza. Mkutano wa mtaa ukiitishwa sisi tutakuwepo, mstari wa mbele, na andiko jipya. Safari hii kwenye sehemu ya faida tumeandika alichosema yule muuza mihogo, na chini yake tumeorodhesha vichochoro kwa majina yanayotumiwa na wakazi wenyewe. Diwani akitaka kuja kuviona kabla ya kupiga kura ya bajeti, aje saa kumi na mbili asubuhi. Nitampokea mimi mwenyewe kwenye kizimba cha juu.

Wako,
Katibu wa kikundi cha wazoa taka,
Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam